Madaktari wa Kesho Wako Micheweni na Makunduchi

Katika mtihani wa vitendo wa kemia, mwanafunzi hukabidhiwa bureti, bomba jembamba la kioo lenye mistari ya vipimo na koki ndogo chini yake. Ndani hutia asidi. Chini huweka chupa yenye alkali iliyodondoshewa methili orenji, rangi yake njano. Kazi ni kuifungua koki taratibu huku mkono wa pili ukiizungusha chupa, mpaka njano igeuke rangi ya chungwa. Hapo hapo afunge. Likizidi tone moja rangi inaingia uwaridi, kipimo kimeharibika, aanze upya na saa inakwenda. Mkono uliokwisha kuizoea kazi hiyo hutulia. Mkono unaoishika bureti kwa mara ya pili au ya tatu hutetemeka.

Mikono yote miwili husahihishwa na Baraza moja la Mitihani la Tanzania, kwa alama zile zile. Uliotulia mara nyingi ni wa mtoto wa mjini, ambaye skuli yake ina maabara yenye vifaa na mwalimu wa kemia wa kudumu, na jioni anakwenda tuisheni Michenzani au Kikwajuni. Unaotetemeka mara nyingi ni wa mtoto wa shamba, ambaye maabara yake ni chumba chenye meza na kabati iliyofungwa, na mwalimu wa kemia ndiye huyo huyo wa hisabati. Mlango wa kusomea udaktari hufunguliwa kwa fizikia, kemia na bailojia. Kwa hiyo chumba kile cha skuli ya sekondari huamua, miaka mingi kabla ya koti jeupe kushonwa, nani atakuja kumtibu nani Zanzibar.

Makala haya ni ya huyo wa mkono unaotetemeka.

Tuanze na hesabu ambayo haibishaniwi. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta Zanzibar watu 1,889,773. Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 893,169. Waliobaki, milioni moja kasoro elfu chache, wanaishi Kaskazini Unguja, Kusini Unguja na Pemba, na Pemba peke yake ina watu 543,441. Wa mjini, basi, ndio wachache. Lakini hospitali kuu ya rufaa iko Mnazi Mmoja, ukingoni mwa Mji Mkongwe. Chuo cha udaktari kiko mjini. Madaktari bingwa karibu wote wanaishi mjini, na mtoto wa daktari bingwa anasoma mjini. Usipowatafuta watoto wa wale wengi kwa makusudi, madaktari wataendelea kuzaliana humo humo, mtaa kwa mtaa.

Historia ya tiba hapa kwetu ni historia ya mjini na ya watu waliotoka nje. Anayepita barabara ya Mizingani hulitazama jengo la Dispensari ya zamani, lile lenye roshani za mbao zilizochongwa kama lasi. Tajiri Tharia Topan aliliwekea msingi mwaka 1887, katika sherehe za miaka 50 ya Malkia Victoria kukaa kitini. Akafariki mwaka 1891 kabla halijakwisha. Baadaye likawa mahali pa kugawia dawa kwa hisani mpaka wakati wa Mapinduzi. Mkunazini, pembeni mwa kanisa lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa, wamisionari wa Kianglikana nao walikuwa na hospitali yao. Daktari mkuu alikuwa Mwingereza, wasaidizi wake walitoka India, mtoaji dawa mara nyingi alikuwa Mgoa. Kijana wa Kiafrika aliyebahatika kupata kazi hospitalini alipata ya udresa, kufunga vidonda na kuosha vyombo. Na skuli ya kwanza ya Serikali kwa wasichana ilifunguliwa mwaka 1927 tu.

Makerere ilianza kufundisha tiba mwaka 1924, na Dar es Salaam mwaka 1963. Mzanzibari aliyetaka udaktari alifunga safari kwenda huko, au Cairo, au Bombay, au London. Safari hiyo ilikuwa na masharti yake: baba mwenye uwezo, au jamaa wa kufikia, au mkubwa serikalini wa kukusemea. Mtoto wa mkulima wa mhogo wa Kizimkazi hakuwa na hata kimoja.

Mapinduzi yalibadilisha mengi kwa pigo moja. Tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bure. Mwaka huo huo madaktari wa Kichina wakaanza kuja, na tangu hapo jimbo la Jiangsu limekuwa likileta timu baada ya timu Unguja na Pemba. Hospitali iliyokuwa ya Karimjee Jivanjee ikapewa jina la Lenin kabla ya kuwa Mnazi Mmoja tunayoijua. Nafasi za masomo zikafunguka katika Umoja wa Kisovieti, Ujerumani Mashariki, China na Kuba. Ni kwa mlango huo alipita mtoto mmoja wa kijiji cha Chokocho, kusini mwa Pemba, aliyezaliwa mwaka 1948, akasoma Pemba kisha Lumumba hapa Unguja, akapelekwa Voronezh, na miaka baadaye akapata shahada ya uzamivu ya biokemia ya tiba katika Chuo Kikuu cha Newcastle upon Tyne, mwaka 1988. Mtoto huyo ni Dk. Ali Mohamed Shein, Rais wa Zanzibar kuanzia mwaka 2010 hadi 2020. Aliyempokea kiti, Dk. Hussein Ali Mwinyi, ni daktari wa tiba, aliyesomea Uturuki na kujiendeleza London. Wote wawili iliwabidi kuvuka bahari.

Hilo la kuvuka bahari linastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndipo lilipokuwa chujio kubwa. Kwa mzazi wa Ulaya, mtoto kwenda chuo mji wa pili ni jambo la kawaida. Kwa mzazi wa Mkokotoni au wa Wete, kumpeleka binti Dar es Salaam miaka mitano ni kumkabidhi kwa watu asiowajua, katika mji asioujua, pamoja na kodi ya chumba, nauli ya boti na chakula cha kununua. Na bahari yenyewe ina makovu yake. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama njiani kwenda Pemba. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Shehia nyingi zilipata msiba. Mzazi aliyesema baada ya hapo kwamba mwanawe hapandi boti kwenda kusoma, nani angemlaumu?

Kwa sababu hiyo naona hatua kubwa kuliko zote katika kuwafungulia udaktari watoto wa wanyonge wa visiwani ilichukuliwa mwaka 2007, na haikuitwa kwa jina hilo. Mwaka huo Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Tiba cha Matanzas cha Kuba, ilianza kufundisha madaktari hapa hapa Unguja. Walimu walitoka Kuba, wodi zilikuwa za Mnazi Mmoja, na mwanafunzi alilala kwao. Kuba ilikuwa imekwisha kufanya hivyo Gambia, Guinea-Bissau na Eritrea: badala ya kuwachukua vijana wachache kwenda Havana, inawapeleka walimu pale wagonjwa walipo. Mwaka 2013 kundi la kwanza likahitimu, madaktari zaidi ya 30 kwa mkupuo mmoja. Mafunzo hayo baadaye yakaingia ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, ambacho chenyewe kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999.

Wasichana ndio waliofaidi haraka zaidi. Katika mahafali ya SUZA wanawake wamekuwa wakiwazidi wanaume kwa idadi, na hilo ni jambo la kujivunia waziwazi, hasa ukikumbuka kwamba daktari wa kwanza mwanamke kutoka Makerere, Dk. Josephine Nambooze wa Uganda, alihitimu mwaka 1959 tu. Mjomba aliyekuwa akisema mtoto wa kike hasomi mpaka mbali amekosa hoja, kwa sababu si mbali tena.

Ila chuo kuwa Unguja hakumaanishi kuwa karibu kwa kila Muunguja, sembuse Mpemba. Kutoka Nungwi mpaka mjini ni karibu kilomita 60. Mwanafunzi anayetokea kule hupanda gari ya 116 alfajiri, ikisimama kila kituo kushusha ndoo za samaki na kupakia watoto wa skuli. Akifika mjini hupanda ya pili. Kipindi cha kwanza kikiwa saa mbili, inambidi aamke saa tisa za usiku, na akirudi magharibi imeshaingia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari anayetumia saa nne au tano kila siku ndani ya daladala hana saa za kuhifadhi majina ya mifupa. Wenziwe wa Mbweni na Kiembesamaki wanazo. Tofauti ya alama zao mwisho wa muhula inaanzia barabarani.

Nani basi ambaye bado haonekani darasani? Jibu letu si lile la kwenye vitabu vya Marekani, ambako mjadala huu huanza na rangi ya ngozi. Kwetu ni msichana wa kisiwa cha Tumbatu, ambaye hata kwenda sekondari ni suala la mashua. Ni mtoto wa Micheweni, wilaya ambayo ripoti za umaskini za Zanzibar huitaja mara kwa mara. Ni mwanafunzi mwenye ulemavu, ambaye ngazi za majengo yetu zimemkataa kabla ya alama zake kutazamwa. Na, kwa mshangao wa wengi, ni mvulana wa pwani ya utalii. Kule Nungwi, Paje na Jambiani kijana wa kidato cha pili anayejua Kiitaliano cha kubahatisha anaweza kupata fedha ya siku hiyo hiyo ufukweni. Umwambie asubiri zaidi ya miaka kumi ili awe daktari? Anaiacha skuli akiwa na akili timamu kabisa, kwa hesabu zake mwenyewe, na nchi inapoteza kichwa ambacho huenda kingekuwa cha mpasuaji.

Mfumo wetu wa skuli za michepuo una sehemu yake. Wanafunzi wenye alama za juu huchukuliwa na kukusanywa katika skuli chache zenye walimu na vifaa bora. Ni jambo jema kwa aliyechaguliwa, na limewainua watoto wengi wa maskini. Tatizo ni kwa waliobaki. Ukiwaondoa wale watano hodari, skuli ya kijiji inabaki bila wa kuigwa, na mwalimu mzuri wa sayansi naye huomba uhamisho. Katika miaka ya 2010 majina ya skuli za Zanzibar yalisikika mara kwa mara katika orodha za kumi za mwisho kitaifa, na siku matokeo yakitoka mitaa ilikuwa kimya. Aibu hiyo walibebeshwa watoto. Wao hawakuijenga maabara isiyo na maji, wala hawakujipangia mwalimu.

Lugha ni kikwazo cha peke yake. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliamua hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtoto wa mjini anakisikia Kiingereza kwenye televisheni, dukani kwa watalii, pengine mezani kwa baba yake. Mtoto wa Makunduchi anazungumza Kikae, lahaja ya kwao, nyumbani, Kiswahili cha skuli kwa mwalimu, na Kiingereza hukutana nacho kwenye ubao tu. Siku ya kwanza wodini, mhadhiri anapouliza swali kwa Kiingereza mbele ya wenzake kumi, kimya chake huchukuliwa kuwa hajui. Anajua. Anatafuta sentensi.

Kisha geukia upande wa pili wa kitanda. Mgonjwa ni bibi wa Makunduchi, kaja na mjukuu wake, kanga imefungwa vizuri kifuani, karatasi za kituo cha afya mkononi. Daktari kijana anamsogelea: “Shikamoo, bibi.” Anajibu marahaba, kisha kabla ya kusema kinachomuuma anauliza: “Mtoto wa nani wewe?” Akipata jibu analolijua, ukoo anaoutambua, mtaa aliowahi kulala, mwili wote hulegea na maneno hutoka. Atasema ameacha zile dawa za presha tangu mwezi uliopita kwa sababu zinamtia kizunguzungu. Atasema alikwenda kwanza kwa mganga. Hayo hawezi kumwambia kila mtu, na bila hayo hata daktari aliyesoma Ulaya anabahatisha.

Hapa ndipo ninapowapinga wale wanaodhani kumtafuta mtoto wa shamba ni huruma, au kushusha kiwango. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2010 juu ya kuwabakisha wahudumu wa afya vijijini, na tena katika ile ya mwaka 2021, lilipendekeza jambo hilo waziwazi: chukueni wanafunzi waliokulia vijijini, kwa sababu wao ndio wenye uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi kufanya kazi huko. Wajapani waliliona mapema. Mwaka 1972 walianzisha Chuo cha Tiba cha Jichi. Kila mkoa wa Japani hupeleka vijana wawili au watatu kwa mwaka, ada husamehewa, na kijana akihitimu hurudi kuutumikia mkoa wake miaka tisa, sehemu kubwa katika milima na visiwa vya mbali. Japani nayo ina visiwa vyenye wazee wanaosubiri boti.

Mfano unaonigusa zaidi uko karibu zaidi. Mwaka 1999, katika hospitali ya Mosvold, Ingwavuma, kaskazini mwa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, watu wa hospitali hiyo walichoka kungoja madaktari wanaokuja mwaka mmoja na kuondoka. Wakaamua kuwasomesha watoto wa hapo hapo. Mpango huo ndio uliokuja kuitwa Umthombo. Kijana anayeomba hufanya kwanza kazi ya kujitolea hospitalini kwake, ili aione damu na harufu ya dawa kabla ya kuamua. Kisha huhojiwa na watu wa eneo lake, si wageni wa mji mkuu. Akichaguliwa halipiwi ada tu na kusahauliwa. Ana mlezi wa kuzungumza naye mara kwa mara katika miaka yote ya chuo, na likizo anarudi hospitalini kwao kufanya kazi. Kwa kila mwaka aliosomeshwa, anautumikia mwaka mmoja. Mamia wamehitimu, kutoka skuli ambazo walimu wenyewe walikuwa wamekata tamaa nazo.

Ukiutazama mpango huo vizuri utaona kwamba fedha ni sehemu moja tu, na nadhani hapo ndipo sisi tunapokosea. Tunayo Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na iko ya Muungano pia. Tangu mwaka 2022 upo Ufadhili wa Samia kwa wanaofanya vizuri zaidi katika sayansi kidato cha sita. Yote hayo yana thamani kubwa. Lakini zawadi kwa aliyekwisha kushinda humfikia aliyekuwa na maabara tangu mwanzo. Na mkopo humlipia mwanafunzi ada na chakula, haumfundishi kumjibu mhadhiri, haumwambii ni kawaida kufeli mtihani mmoja wa anatomia mwaka wa kwanza, na haumpi mtu wa kumpigia simu usiku anapotaka kuacha chuo.

Uganda nayo ina la kutufunza, zuri na chungu. Mwaka 1990 Makerere ilianza kuwaongezea wasichana pointi moja na nusu katika maombi ya kujiunga, na madarasa yakabadilika sura. Mwaka 2005 ikaja hatua ya pili, sehemu ya nafasi zinazolipiwa na Serikali igawiwe kwa wilaya, ili watoto wa mikoa ya mbali nao wapate. Nia ilikuwa njema. Kilichofuata ni kwamba wazazi wa Kampala waliokuwa na asili ya wilaya hizo waliandika wilaya zao za asili kwenye fomu, na nafasi zikachukuliwa na watoto waliosoma skuli bora za mji mkuu. Kwetu Unguja jambo hilo lingetokea kwa siku moja. Nusu ya Mji Mkongwe ina shamba la babu mahali fulani, na nusu ya Wapemba wenye uwezo wanaishi mjini, mitaa ya Mombasa na Darajani. Tukisema nafasi ni za “watu wa Micheweni”, wataibuka Wamicheweni wa Mazizini. Kipimo lazima kiwe skuli: ulisoma wapi darasa la kwanza mpaka kidato cha nne, na skuli hiyo ilikuwa na nini. Mtoto mwenye alama za wastani kutoka maabara tupu amepanda mlima mrefu kuliko mwenye alama za juu kutoka skuli iliyojaa kila kitu. SUZA inaweza kulipima hilo kwa haki kabisa, mradi kiwango cha chini cha kitaifa kizingatiwe, na itangaze kila mwaka ni wangapi waliopokewa kutoka kila wilaya.

Upo mlango mwingine ambao watu hawausemi sana. Mbweni, karibu na magofu ya skuli ya Mtakatifu Maria ambako wamisionari waliwafundisha wasichana walioachwa huru kutoka utumwani katika karne ya 19, kipo chuo cha afya ambacho kwa miongo kadhaa kimetoa wauguzi, wakunga na matabibu, na sasa ni sehemu ya SUZA. Wahitimu wake ndio walioibeba tiba ya shamba mgongoni. Ingia kituo chochote cha Kaskazini Unguja utamkuta tabibu wa stashahada aliyezalisha, kushona vidonda na kutambua malaria kwa miaka kumi. Anawajua wagonjwa kwa majina ya mama zao. Sheria za udahili nchini humruhusu mwenye stashahada ya tiba na ufaulu mzuri kuomba shahada ya udaktari. Kinachomzuia ni maisha: ana watoto, ana mshahara ambao familia nzima inautegemea, na akiacha kazi miaka mitano nani atalipa? Kwangu mimi huyu ndiye mtu wa kwanza wa kutafutwa. Apewe likizo ya masomo yenye mshahara, na nafasi kadhaa kila mwaka zitengwe kwa ajili ya watu kama yeye. Hakuna haja ya kumshawishi arudi Kivunge kule Kaskazini. Kivunge ndiko nyumba yake iliko.

Hospitali za shamba nazo zisiachwe nje ya mafunzo. Makunduchi na Kivunge zilisaidiwa kwa miaka na shirika la HIPZ la Uingereza kwa ubia na Serikali, na Abdulla Mzee ya Mkoani ilijengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu au wa nne akipelekwa wiki kadhaa katika hospitali hizo, mambo mawili yanatokea. Yule wa mjini anaiona Zanzibar ambayo ndiyo nusu na zaidi ya nchi yake. Yule wa shamba, kwa mara ya kwanza tangu aanze chuo, ndiye anayejua njia, lugha na watu, na wenzake ndio wanaomuuliza. Hapo hujiona daktari. Mcheza kwao hutuzwa, na tuzo hiyo humfuata mpaka Mnazi Mmoja anaporudi.

Kuhusu makazi sioni hata la kujadili. Dakhalia kwa wanafunzi wa tiba wanaotoka zaidi ya kilomita 20, wakipewa nafasi wao kwanza, na kwa Wapemba wote. Wasichana wa vijijini hasa, kwa sababu baba anayemruhusu binti yake kusoma atauliza swali moja tu: atalala wapi? Apewe jibu lenye jina la mlezi na namba ya simu.

Na kazi ya kutafuta ianze kidato cha pili, kabla wanafunzi hawajachagua masomo. Makambi ya mitihani tayari ni desturi yetu. Wazazi huchangia mchele na sukari, watoto hulala skuli wakijiandaa. Kambi hizo hizo zinaweza kuwa za sayansi wakati wa likizo, zikiongozwa na wanafunzi wa udaktari waliotoka wilaya hizo, na vifaa vya maabara vikisafirishwa kwa gari kutoka skuli moja hadi nyingine mpaka kila skuli ipate vyake. Wahudumu wa kujitolea wa Jamii ni Afya, wanaozunguka nyumba kwa nyumba na simu zao katika shehia zote, wanajua ni mtoto gani aliyemshika bibi yake mkono mpaka kituoni na kuuliza maswali mengi kuliko wengine. Waulizwe.

Madaktari wa kundi lile la kwanza, waliohitimu mwaka 2013, sasa wana uzoefu wa zaidi ya muongo. Baadhi ni mabingwa, baadhi wako nje ya nchi, na wengine wanaendesha vitengo vizima hapa. Ombi langu kwao ni la Jumamosi moja kwa muhula. Kila mmoja arudi katika skuli aliyosoma, iwe Fidel Castro kule Pemba au sekondari isiyojulikana ya Muyuni, aketi na watoto wa kidato cha pili, awaeleze alivyosoma bila vitabu, alivyojaza fomu ya chuo, alivyofeli na kurudia, alipolala usiku wa zamu yake ya kwanza. Achukue majina ya wawili au watatu wenye maswali mazuri, pamoja na namba ya simu ya mzazi, na aipige.